Thamani ya Haki ya Vyerehani Vinne

Nilipoanza kazi benki, kitengo cha mikopo, nilidhani benki inajua bei ya vitu. Nilikuwa msichana mdogo mwenye viatu vipya, na viatu vipya humpa mtu imani ya ajabu. Haukupita muda nikagundua kwamba benki inakisia tu, kama mama yangu kule Magomeni anapokadiria mchele wa wageni. Tofauti ni kwamba benki inakisia kwa mhuri.

Nazungumzia miaka ile ya Ujamaa ambapo kila kitu kilikuwa na bei mbili. Kulikuwa na bei ya serikali, iliyobandikwa ukutani katika duka la umma, chini yake rafu tupu na muuzaji anayesinzia. Halafu kulikuwa na bei ya kuruka, ambayo haikubandikwa popote lakini Kariakoo nzima iliijua, na ukiitaja kwa sauti ungeweza kulala polisi. Ya kwanza ilikuwa halali na haikununua kitu. Ya pili ilinunua chochote unachotaka, pamoja na kesi.

Katika hali hiyo ikaja amri kutoka makao makuu: dhamana za wakopaji wote zipimwe upya. Mkopo, walisema, ni mali ya benki, lakini thamani yake ni kile tu kitakachopatikana mkopaji akishindwa kulipa. Dhamana ikionekana ndogo kuliko deni, ikamatwe iuzwe mapema.

Mkuu wangu wa kitengo alifurahi utadhani kaalikwa harusini. Alikuwa amerudi masomoni Ulaya na kitabu kinene cha uthamini, na tangu arudi alikuwa akitafuta mtu wa kumsomea.

"Thamani ya haki," alinisomea, "ni bei ambayo muuzaji aliye radhi atapewa na mnunuzi aliye radhi, wote wanajua wanachokifanya, hakuna aliyeshikiwa fimbo."

Hiyo ya fimbo aliiongeza mwenyewe. Akaendelea: kwanza unatafuta bei ya kitu chenyewe, hadharani, sokoni. Ukiikosa, unatazama bei ya kitu kinachofanana nacho. Ukiikosa na hiyo, unakisia, ila uandike sababu za kukisia kwako, ili hata ukikosea ukosee kisomi.

Faili la kwanza lilikuwa la fundi wa nguo wa Kariakoo, mzee kutoka Lindi, mwenye vyerehani vinne barazani. Nilimjua. Ndiye aliyenishonea sare ya shule, akaacha pindo refu ili nikirefuka mama asiingie gharama nyingine. Alikopa anunue vitambaa vya sare, vitambaa vikaadimika, na marejesho yakaanza kuchechemea. Dhamana yake ilikuwa vile vyerehani. Vikikamatwa, yeye na vijana watatu aliowaajiri wasingekuwa na mbele wala nyuma.

Tulienda kuvipima. Kwa bei ya serikali, ukitoa uchakavu, vyote vinne havikufikia deni. Kwa bei ya kuruka vililifunika deni na chenji ikabaki. Nikamwambia mkuu wangu aandike hiyo ya pili, kwa sababu ndiyo ya kweli.

"Binti, unataka benki ya umma ipige mhuri kwenye ulanguzi?"

"Nataka iandike bei ambayo mtu anaweza kupatia cherehani."

"Andika wewe, kwa jina lako, halafu tutakuletea chakula gerezani."

Usiku huo alilala na kitabu chake, na asubuhi akaja anang'aa. Mnada! Vitu vikuukuu havikuwemo katika orodha ya bei za serikali, na mnada ulikuwa halali kabisa. Tungeuza cherehani kimoja hadharani, kisha bei itakayotoka tuizidishe kwa nne. Fundi alipoelezwa alikubali, kwa sababu miaka ile benki ikikueleza jambo ulikuwa unakubali.

Jumamosi asubuhi dalali akapiga kengele barazani. Mtaa wote ulikuja. Hakuna aliyewaeleza shabaha ya mnada ule. Waliona watu wa benki, wakaona cherehani cha mzee wao kimetolewa nje, wakamalizia hadithi wenyewe. Dalali akauliza nani anaanza. Mama mmoja muuza samaki wa kukaanga, mwenye mikono iliyojaa alama za mafuta, akasema:

"Shilingi moja."

Hakuna aliyepandisha. Dalali akasifia sindano, akasifia gurudumu, akakaribia kuimba. Mchaga mmoja mwenye duka la jumla ng'ambo ya barabara, mtu ambaye angenunua hata kivuli kama kina faida, akafungua mdomo. Wanawake wote wakamgeukia. Akaufunga, akasema alikuwa anapiga mwayo.

Kengele ikalia. Mama wa samaki akalipa shilingi yake, akakiburuta cherehani hadi kwa fundi.

"Shona, baba," akamwambia.

Vigelegele vikapigwa. Fundi akalia, na mimi nikalia, nikijisemea kwamba huu ndio Ujamaa wenyewe, ule ambao hotuba za Mnazi Mmoja zilikuwa zikiuita kwa vipaza sauti na hauji. Mkuu wangu hakulia. Alikuwa anaandika.

"Shilingi moja mara nne," alisema. "Shilingi nne. Soko limesema."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Mtaa ule, kwa mapenzi yake yote, ulikuwa umemmaliza mzee.

Nilikasirika hadi nikashindwa kula. Jumatatu nikaazima kitabu chake, nikakisoma kwa hasira, ambayo ndiyo njia nzuri ya kusoma vitabu vya namna ile. Kilisema wazi: bei haihesabiki kama muuzaji amelazimishwa, au kama mnunuzi ana lake jambo.

"Yule mama hakununua cherehani," nikamwambia. "Alimfuta mzee machozi, akalipia shilingi. Na mzee naye hakuwa radhi."

Mkuu wangu alikuwa na kasoro nyingi, lakini alikiogopa kitabu chake kuliko alivyoniogopa mimi au makao makuu. Akakubali mnada mmoja zaidi, kwa sharti kwamba mnunuzi aondoke na alichonunua. Kikirudi barazani, ile shilingi nne inabaki palepale.

Nikaenda kumweleza mama wa samaki, aliyekuwa akikaanga nguru aliotoka nao soko la samaki la Feri alfajiri.

"Kwa hiyo tulimuua?" aliuliza.

"Bado, mama."

"Na sasa ili apone, lazima tumchukulie kweli?"

"Lazima kiondoke."

"Benki yenu ina wazimu," alisema, akageuza samaki.

Ikabaki fundi achague cherehani cha kutoa. Kile cha shilingi moja mkuu wangu hakutaka hata kukiona. Kati ya vilivyobaki, viwili vilikaliwa na vijana, na cha tatu alikikalia mzee mwenyewe, tangu kabla sijazaliwa. Akakitoa hicho chake.

"Hawa wana watoto," alisema.

Mnada wa pili haukuwa na vigelegele. Mchaga alianza, na fundi mmoja kutoka Magomeni akampandia, maana cherehani dukani kilikuwa hakionekani. Waliipita bei ya serikali mara moja, wakaifikia bei ya kuruka, na mkuu wangu akatoa leso. Mama wa samaki aliuma pindo la kanga yake asije akasema neno. Mchaga akashinda, akalipa noti juu ya noti, akaita mkokoteni.

"Mrudishie mzee!" mtu akapiga kelele.

Mchaga akageuka, na niliona kaumia kweli. "Mmesema mnataka bei ya kweli, nimetoa. Mnadhani hizi noti nimeokota?"

"Mwacheni aende," fundi akasema. "Ameniokoa huyo."

Pesa zile zikapunguza deni, na vyerehani vitatu vilivyobaki, kwa bei ile ile, vikalifunika lililosalia. Makao makuu yalimpongeza mkuu wangu, yakamtuma akafundishe matawi mengine.

Nilirudi Kariakoo kumpa fundi habari. Vijana watatu walikuwa wanashona. Yeye alikuwa kwenye kigoda, pale pale kilipokuwa cherehani chake, anashikiza vifungo kwa mkono.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Umepona. Hawatakuja tena."

"Nashukuru sana," alisema bila kuinua kichwa, na sindano yake ikaendelea kuingia na kutoka. Nikatazama chini. Mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu tupu, unashuka na kupanda, unafuata uzi. Hakuwa na habari nao, na mimi sikumwambia.