Profesa wa Ujiji na Kompyuta za Mbao

Saa mbili asubuhi, na uani kwa Bi Zuhra hapa Ujiji vijana kumi na mmoja wanapiga chapa kwa nguvu zote. Kompyuta hakuna. Kuna vipande vya mlango wa zamani, vimepigwa msasa na kuchorwa vitufe kwa rangi nyeupe, na vidole vinavigonga kama kuku wanaogombea mtama.

"Macho juu," anasema mwalimu wao akipita nyuma ya migongo yao. "Ukiangalia vidole, umekwisha. Agnesi, mimi niko huku, siko mapajani mwako."

Profesa Martini Kashindi, miaka hamsini na mbili, amevaa tai na kandambili. Tai ni yake. Kandambili ni za mwenye nyumba.

Kwa miaka kumi na minne alifundisha uhandisi wa kompyuta katika chuo kikuu ng'ambo ya ziwa. Shahada ya uzamivu aliipata Ubelgiji, na utafiti wake ulihusu namna mashine inavyoweza kugundua makosa yake na kuyasahihisha yenyewe. Mwaka jana vita vilipofika mtaani kwake, alivuka Ziwa Tanganyika kwa boti iliyojaa watu na mbuzi. Aliondoka Zaire, na kabla hajawazoea migebuka, samaki wa Kigoma, nchi ikabadilishwa jina.

"Mimi ni mkimbizi wa nchi ambayo haipo," anasema, na anacheka mwenyewe kabla hujaamua kama inafaa kucheka.

Ana kibali cha kukaa mjini badala ya kambini kwa ajili ya matibabu ya macho. Bi Zuhra, muuza mawese, ndiye aliyempa chumba cha uani.

"Nilimuuliza, baba, unajua kazi gani? Akasema kompyuta. Nikamwambia hiyo hapa hatuna," anasimulia Bi Zuhra. "Siku ya tatu namkuta anapasua mlango wangu."

"Ulikuwa umeegemea ukuta, mama, hauna kazi," anajitetea Profesa.

"Na wewe ulikuwa umeegemea ukuta huna kazi. Mbona sikukupasua?"

Darasa likaanza. Ada ni dagaa, mihogo, au kumfulia mwalimu shati. Habari zikamfikia Mzee Leodgar, mkuu wa ofisi moja ya misaada mjini, aliyekuwa akitafuta mpiga chapa. Akatoa ahadi: mwanafunzi wa Profesa akifaulu jaribio, atapata kazi, na darasa zima litatumia kompyuta ya ofisi kila Jumamosi.

Hiyo Jumamosi ndiyo iliyomkosesha Profesa usingizi. "Mwaka mzima sijagusa mashine," anasema. "Mwalimu wa kuogelea asiye na maji, watu watamvumilia mpaka lini?"

Mwezi uliopita akapelekwa Agnesi. Alirudi analia.

"Niligonga A, ikatokea Q," anaeleza Agnesi. "Nikagonga tena polepole, labda haikunisikia vizuri. Q. Mzee Leodgar akaniuliza kama Kiswahili nimejifunza ukubwani."

Profesa alisikia akakaa chini. Kwao kompyuta huja na vitufe vilivyopangwa kwa mtindo wa Kifaransa. Hapa hupangwa kwa mtindo wa Kiingereza, na herufi kadhaa hukaa mahali tofauti. Mbao zote alizichora kutoka kichwani, na kichwa chake kilisomea Ubelgiji. Mtaalamu wa makosa alikuwa amelifundisha darasa zima kosa moja, tena kwa bidii.

"Kumbe hata mashine zina makabila," alisema Bi Zuhra.

Mzee Leodgar alibembelezwa, akakubali jaribio jingine moja tu. Profesa alichora mbao upya, ikawa balaa: vidole vilivyozoea kule vikakataa huku, na vijana wakawa hawajui kote kuwili. Siku zikawa zinakwisha. Ndipo alipowaza kihandisi. Kama vidole havibadiliki, ibadilishwe mashine.

Ipo amri fupi ya kuiambia kompyuta ivisome vitufe kwa Kifaransa. Na herufi zote za amri hiyo, kwa bahati, zinakaa palepale katika mitindo yote miwili. Alimfundisha Skolastika, msichana wa mtaa wa Buzebazeba mwenye mkono mwepesi kuliko wenzake.

Ijumaa ya jaribio, mwandishi wa habari hizi yumo ofisini kwa Mzee Leodgar. Skolastika anaamkia, anakaa.

"Wewe nawe ni wa mlango?" anauliza Mzee Leodgar.

"Ndiyo, mzee. Naomba nimwambie kitu kwanza kabla sijaanza."

"Umwambie nani?"

"Mashine."

"Mwambie. Ila asikie upesi, nina kikao."

Skolastika anaandika amri, kisha anaanza barua ya unga na mablanketi. Macho juu. Mzee Leodgar anaangalia vidole, anaangalia kioo cha mashine, anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena.

"Binti, unagonga kingine, kinatokea kingine."

"Ndiyo, mzee. Hicho kinachotokea ndicho ninachokitaka."

Barua inakwisha bila kosa. Mzee anavuta kiti aandike jina lake chini. Inatokea "Leodgqr". Anamgeukia msichana kwa jicho la mtu aliyeibiwa.

"Hujaharibika wewe wala yeye, mzee," anasema Skolastika. Anagonga amri nyingine, na mkuu anaandika jina lake mara tatu mfululizo, safi, akitabasamu kama aliyepewa jina jipya.

Ng'ambo ya barabara Profesa amesimama na kipande cha muhogo wa kuchoma alichosahau kukila. Skolastika anamwendea taratibu, uso umenuna kama wa msibani.

"Profesa, mzee anasema..."

"Sema tu, mwanangu. Nimezoea."

"Anasema kesho Jumamosi usichelewe. Na mimi naanza kazi Jumatatu."

Profesa anampa muhogo, kisha anaugeukia ukuta wa duka. Anapogeuka tena, macho ni mekundu, na anawalaumu madaktari wake wa macho.

Mipango anayo tayari. Kesho ataomba ruhusa afungue kifuniko cha kompyuta, vijana waone kilichomo ndani na woga uwatoke. Kila mmoja atapewa zamu yake, na yeye atakuwa wa mwisho. Baadaye atauandika upya utafiti wake, uliobaki ng'ambo pamoja na vitabu.

Na zamu yake ya kwanza, ataandika nini?

"Barua kwa mkuu wa kitivo changu, kama Mungu amemweka hai," anasema. "Nitamwarifu kwamba idara ya kompyuta haijafungwa. Imehamia Ujiji, ina wanafunzi kumi na mmoja, na mmoja ameajiriwa. Akipata nafasi, avuke aje kutukagua."