Mshale Uliochelewa

Baba mkwe wangu alikuwa mwindaji wa upinde tangu ujana wake, huko kwao milimani, na sikuwahi kumsikia akijisifia. Halafu alianguka na bodaboda kwenye barabara ya Mikumi, bega la kulia likavunjika, na hata lilipopona halikuweza tena kuvuta kitu. Mimi ni mtu wa Rudewa, mwalimu wa shule ya msingi. Upinde sikuwa nimewahi kuushika. Likizo ya mwezi wa sita mimi na mke wangu tulikwenda ukweni, tukakuta swala wamemaliza nusu ya kunde za shamba la chini, lile linalopakana na hifadhi.

"Utavuta wewe," akaniambia. Si mtu wa kukataliwa, sembuse na mkwe.

Kibali hatukuwa nacho. Nililijua hilo, naye alilijua, wala hatukulizungumza.

Alinifundisha siku tano. Alichukua tairi kuukuu la pikipiki, akashindilia katikati yake gunia la majani makavu, akawa analiviringisha mteremkoni kwa mkono wa kushoto, mimi nimesimama pembeni na upinde.

"Usimpige alipo, piga anapokwenda," alikuwa akisema. "Akipeleka mguu wa mbele, ubavu unafunguka. Achia hapo hapo. Ukingoja uhakika umeshachelewa."

Siku ya tano nililipata gunia karibu kila mara. Akaguna kwa kuridhika. Lakini tairi halina masikio.

Asubuhi ya sita tulijibanza nyuma ya kichuguu, jua limeshachomoza. Wakaja majike watatu, wakipita haraka haraka ukingoni mwa shamba. Nikavuta. Baba mkwe alikuwa nyuma ya sikio langu.

"Wa mwisho," alinong'ona. "Bado. Bado... Sasa."

Nililisikia neno lile. Nakumbuka kabisa kwamba nililisikia, na vidole vyangu havikufunguka. Niliutazama mguu ukienda mbele, ukarudi, ubavu ukafichika, ndipo nikaachia. Kamba ikalia. Swala akashtushwa na mlio, akaruka mbele, na mshale ukamkuta tumboni.

Hakuanguka. Alikimbia akapita nguzo za saruji za mpaka, wenzake wametangulia, kisha mwendo ukapungua, akalala kwenye nyasi fupi, kama hatua sitini ndani ya hifadhi. Tulimwona vizuri. Masikio yake yalichezacheza yakifukuza inzi.

"Baba, niingie nimmalize?"

"Ukiingia humo na upinde, watoto wako watakuja kukuona gerezani."

"Basi tuwapigie askari wa wanyamapori."

Akanitazama. "Uwaambie nini?"

Simu ilikuwa mkononi, ina chaji, ina mtandao. Niliirudisha mfukoni.

Tukakaa chini, tukamwangalia. Kila alipoinua kichwa nilidhani atanyanyuka aende zake. Kila alipokilaza niliomba iwe mwisho. Haikuwa hivi wala vile. Baba mkwe alikuwa akilisugua bega lake.

"Nisamehe, Baba," nikamwambia.

"Si mimi wa kuombwa," akajibu, na hakukuwa na ukali wowote katika sauti yake. Ningefurahi kama angenigombeza.

Jua lilipofika utosini, swala alisimama. Miguu ya nyuma ilikuwa imetanuka, mshale ungali tumboni. Akajikokota hatua chache, akalala tena, safari hii nyuma ya kichaka. Nikainuka. Nikasogea kushoto, nikasogea kulia, nikimtafuta, mpaka nikauona ubavu wake ukipanda na kushuka katikati ya majani.

"Twende nyumbani," akasema baba mkwe.

"Baba, bado anahema."

"Najua," akasema, akaanza kupanda mteremko.