Picha za Mashine za Baba

Mwaka 1978, mvua za masika zikielekea kuisha, nilikuwa na umri wa miaka kumi. Hadi leo harufu ya chuma kilicholowa hunirudisha huko. Baba alikuwa amefariki, na mashine zake zilishika kutu: kinu cha mahindi kule Ekerenyo, trekta kando ya barabara, na lori nyuma ya soko la Keroka. Mama alikusudia kuziuza ili niingie shule.

Asubuhi moja baba mdogo alikuja na baiskeli na kamera ya kuazima.

"Panda, mama," aliniambia. "Leo wewe ndiwe mpiga picha."

Tulikwenda polepole, tukila ndizi njiani. Penye kila mashine alikunja mikono ya shati, akashika spana na kuinama kana kwamba anaitengeneza.

"Lakini haiwaki," nilimwambia tulipofika kwenye lori. Kutu ilikuwa imenibaki viganjani kama unga mwekundu.

"Picha haina sauti," alicheka. "Bonyeza!"

Jumatatu, tarehe 14 Agosti, wazee waliketi mbele ya chifu. Baba mdogo alidai kwamba mashine ni zake, kwa kuwa ndiye aliyezitunza tangu kaka yake afe. Akatandaza picha mezani.

"Mwongo! Hajawahi kuzigusa," mama alisema.

Chifu aliziinua. "Nani alipiga hizi?"

Nilisimama upesi, nikanyoosha mkono juu. "Ni mimi!"

"Basi hata mtoto wa marehemu ni shahidi," chifu alisema, akagonga muhuri kwenye karatasi ya madai ya baba mdogo.