"Hamjaanua?" "Ndiyo"

Semina ile ya mawasiliano kazini nilihudhuria mimi peke yangu, nikarudi Katonga nimevimba kichwa. Mimi ndiye msimamizi wa kina mama wanaokausha na kufungasha dagaa pale mwaloni, ufukweni wavuvi wanaposhushia samaki. Nikawafungulia kundi la WhatsApp, nikawatangazia kwamba kuanzia sasa hakuna wa kujiamulia: kila jambo lingoje neno langu. Moyoni nikajiona nimeleta ushirikiano.

Juma lililopita nilikuwa nyumbani Katubuka, wingu likapanda kutoka upande wa ziwa. Dagaa walikuwa juu ya vichanja. Nikamwandikia kiongozi wa kina mama, mtu wa Ujiji aliye rika la mama yangu mzazi: "Hamjaanua?" Akajibu, "Ndiyo." Nikaweka simu, nikaendelea kula.

Nilipofika mwaloni dagaa walikuwa wamelowa chapachapa, na kina mama wanawazoa huku wamelowa wao wenyewe. Hasira zikanipanda. Badala ya kuuliza, nilisimama chini ya bati nikaandika kwenye kundi, wote wasome: "Mtu mzima hovyo. Unaulizwa kama umeanua, unasema ndiyo."

Yule mama aliusoma ujumbe palepale, mbele yangu. Akaitia simu mkobani, akawaaga wenzake, akaondoka.

Ndipo nikarudi kulisoma swali langu. Sikuuliza "mmeanua?" Niliuliza "hamjaanua?" Naye alijibu kama tunavyojibu sote tangu utotoni: ndiyo, hatujaanua. Kisha akangoja neno langu, kwa kuwa ndivyo nilivyoagiza. Mama wa watu kasema kweli, nami nimemtukana. Niliufuta ule ujumbe, lakini simu ikaacha tangazo kwamba ujumbe umefutwa, na hilo nalo likanisuta. Walikuwa wameshausoma wote. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jioni nikaenda kwake Ujiji na mfuko wa sukari. Alinikaribisha vizuri, akanimiminia chai, na wema huo ulinichoma kuliko matusi. Nikamwomba radhi kwa sauti ya chini. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "umenivua kanga sokoni, sasa unakuja kunifunika chumbani?"

"Nifanyeje, mama?"

"Sokoni unapajua."

Sukari yangu ikabaki pale mkekani, hakuigusa.

Asubuhi yake nilikwenda mwaloni maneno nimeyakariri. Nitasema mbele ya wote: nimekosa mimi, swali lilikuwa langu na agizo lilikuwa langu. Nilijua kwamba nisipoyasema pale, heshima yake mbele ya wenzake haitarudi, wala hakuna atakayeniambia jambo la kweli tena.

Kina mama walikuwa wameinamia vichanja, naye yumo. Kabla sijafungua mdomo, aliinuka, akanyoosha mgongo, akanitazama usoni.

"Shikamoo, bosi."

Nami, kichwa kimejaa hotuba yangu, nikaitikia: "Marahaba."

Mikono yote ikasimama juu ya dagaa. Mtu wa rika la mama yangu kaniamkia, nami nimepokea. Badala ya kuomba radhi, nikauliza kama magunia ya kufungashia yamefika.