Mrija wa Begani

Binti yangu alilewa akiwa na mwaka mmoja na miezi saba, na mimi mama yake ndiye niliyemnywesha. Naandika hivyo hivyo, bila kuzungukazunguka, kwa sababu nimechoka kusikia kila mtu mtaani kwetu Rugerero akilisimulia jambo hili kwa namna yake. Kuna hata anayesema nilimnywesha ili alale, nipate kupumzika. Huyo tukikutana atanitambua.

Mambo yalianza na mfuko. Kazi yangu ni kufua na kupiga pasi mashuka kwenye nyumba ya wageni kando ya ziwa, Gisenyi. Mgeni mmoja aliyekuwa akizunguka milima yetu kwa baiskeli, siku ya kuondoka, aliniachia mfuko wake wa maji. Unauvaa kama mkoba wa shule. Ndani kuna kibofu cha plastiki cha lita mbili, na kwenye kibofu unatoka mrija mrefu uliovishwa kitambaa cheusi ili maji yasichemke juani. Mwisho wa mrija kuna kidude laini: unakiuma, unanyonya, maji yanakuja. Husimami, hushiki chupa. Nilikijaribu pale pale kwenye chumba cha kufulia, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Nilikuwa na sababu. Kila Jumamosi, kina mama sita wa mtaa wetu tunapanda mlima ulio juu ya mji. Tulianza baada ya kujifungua, matumbo yalipokataa kurudi. Kiangazi mlima ule ni jua na vumbi tu, na binti yangu bado ananyonya, siwezi kumwacha. Basi mtoto nilimfunga mgongoni kwa kitenge kama siku zote, mfuko nikauvaa mbele, na mrija nikaupitisha begani mpaka ukamfikia. Jirani yangu, mwenye mdomo kuliko wote kwenye kikundi, aliponiona nimebeba maji tumboni kama dumu, alipiga makofi.

"Yampayinka! Mbele mimba, nyuma mutoto! We, utazaa nini, bidoni?"

Asiye wa kwetu lazima aelewe jambo moja. Kwetu mtu mzima hali wala hanywi njiani. Mtoto anaweza kutembea na hindi mkononi, hakuna atakayemwangalia mara mbili. Lakini mwanamke aliyeolewa akionekana anatafuna au anakunywa barabarani, ni aibu ya nyumba nzima. Na mrija ndio ulizidisha. Kwetu mrija ni muheha, ule wa kunywea pombe kwenye sherehe, unaopita mdomo hadi mdomo. Siku ya kwanza nilipotoka nyumbani nikinyonya, mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, nusura aangushe ungo wa maharage.

"We! Iko nini hiyo? Muke wa mwana wangu anakunywa na muheha mu barabara?"

"Ni maji, Mama."

"Maji! Nani atajua ni maji? Watasema iko pombe! Angalia batu ba moto vile banakuangalia!"

Na kweli, vijana wa moto, wale wa bodaboda, pale wanapoegesha pikipiki walikuwa wameshaanza. "Mama, utuachie kidogo!" "Pitisha muheha huku!" Niliwajibu maneno ambayo siyaandiki hapa. Lakini nilitii. Tangu siku hiyo, njiani alikunywa mtoto peke yake. Mimi nilisubiri mpaka tufike juu, nijifiche nyuma ya mikaratusi kama mwizi. Shika hilo, maana ndilo lililotuponza.

Ijumaa moja mchana nilikiosha kibofu, nikajaza maji yaliyochemshwa, nikatundika mfuko kwenye msumari jikoni. Asubuhi ya Jumamosi nilipouchukua, ulikuwa umetuna, umekaza kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani mabichi. Mimi, niliyemaliza sekondari, niliyesoma biolojia, nikasema: vizuri, umejaa.

Tulipofika katikati ya mlima mtoto alianza kulia. Nikamrushia mrija begani. Akanyonya. Akanyonya sana kuliko siku zote, mpaka nikamsikia anahema. Nikasema ana kiu, jua ni kali. Ulimi wangu mwenyewe ulikuwa umegeuka kitambaa, ila watu walikuwa wakishuka na kuni, wanatusalimia, na mimi ni muke wa mwana wa mtu. Nikameza mate. Mtoto akalia tena, nikampa tena.

Halafu akaanza kucheka. Anacheka peke yake, ananipiga vikofi shingoni.

"Huyu leo anafurahia nini?" jirani akauliza.

Halafu akanyamaza. Kila mama anakijua kichwa cha mtoto aliyelala mgongoni, jinsi kinavyoegemea. Hiki hakikuegemea. Kilianguka. Nilifungua kitenge. Uso mwekundu, macho nusu wazi, hayaniangalii. Nilimwita, nikamfinya mguu. Kimya.

"Ni jua!" jirani alipiga kelele. "Jua limemupiga! Mupe maji!"

Nikautia tena ule mrija mdomoni mwake. Hakunyonya.

Namna nilivyoshuka ule mlima sijui. Najua tu kwamba kiatu kimoja kilibaki, na kwamba kijana wa moto aliyetupeleka kituo cha afya ni mmoja wa wale wale wa muheha. Muuguzi aliyetupokea alilelewa Tanzania, anaongea Kiswahili kilichonyooka kama cha redio. Alimlaza mtoto, akamfungua macho kwa kidole, akamchoma kidoleni kupima sukari. Akainama karibu na mdomo wake. Akamnusa.

"Mama, umempa nini?"

"Maji tu. Jua limempiga."

"Maji gani?"

Nilimwonyesha mfuko. Alikibana kile kidude, tone likamdondokea kiganjani. Halikuwa jeupe kama maji. Akalinusa, akaniangalia, kisha akanisogezea kiganja chake puani.

Mtama. Mtama uliochacha.

"Mama, mtoto huyu hajapigwa na jua. Amelewa."

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini kwenye benchi la nje kina mama waliokuwa kwenye foleni ya chanjo waligeuka wote kwa pamoja. Nilikuwa nimesimama na kiatu kimoja, na mfuko wa pombe kifuani. Nani angeniamini?

Sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Walimtundikia dripu, muuguzi akasema tusubiri aamke, na hakusema ataamka lini. Nilimpigia simu mume wangu, ambaye kazi yake iko Goma, ng'ambo ya mpaka, kisha nikampigia tena. "Niko kwa barrière, foleni haisogei," akasema, na nikasikia anaanza kusukumana na watu. Aliyefika kwanza ni mama yake, aliyeitwa na jirani, kikapu mkononi. Sikumsalimia. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kutomsalimia mtu mzima.

"Uliweka nini ndani ya mfuko?"

"Musururu." Alisema bila kuficha. Ni kile kinywaji cha mtama kabla hakijawa pombe, kitamu, waliojifungua hupewa ili maziwa yaje. "Nilimwaga maji yako. Mutu ananyonyesha, anapanda mulima na maji tupu? Nilichuja na kitambaa changu, mara mbili, isizibe muheha."

"Na ikalala kwenye joto la jiko mpaka ikawa pombe! Nimemnywesha mtoto wangu pombe!"

"Ilikuwa yako! Ya maziwa! Nani alikuambia umupe mutoto?"

"Na mimi ningeionja wapi? Si wewe uliyenikataza kunywa njiani?"

"Nilisema mu barabara! Sikusema juu ya mulima!"

Muuguzi alitutoa nje sote wawili. Tulikaa kwenye benchi, kikapu katikati yetu. Baada ya muda nikamsikia mama mkwe analia, shela mdomoni. Sikumbembeleza. Nilikuwa nafikiria jambo jingine. Kwetu anayekupa kinywaji huonja kwanza mbele yako, ndipo akupe. Hata mgeni usiyempenda unamwonjea. Nimewaonjea wajomba wa mume wangu, nimewaonjea watu nisiowajua harusini. Mwanangu sikumwonjea. Niliona aibu ya vijana wa moto.

Alasiri mtoto aliamka, akatapika, akalia, akavuta blauzi yangu. Mama mkwe aliposikia ile sauti alipiga magoti pale pale kwenye saruji. Mume wangu akatukuta hivyo.

Wiki mbili mimi na mama yake tuliongea mambo ya chumvi na mkaa tu. Nilitaka kuutupa mfuko chooni. Jumamosi ya tatu niliamka nikaukuta mlangoni, umeoshwa, umejaa, haujatuna. Sikuugusa. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikatoka.

Mama mkwe alinifuata mpaka barabarani, mfuko mkononi. Mwanamke huyo nimeishi naye miaka mitatu, sijawahi kumwona ametafuna hata karanga nje ya ua wake. Alisimama mbele ya vijana wa moto wote, akakitia kile kidude mdomoni, akauma, akanyonya. Shingo yake ikapanda na kushuka. Kijana mmoja akaanza kumtania yule bibi: "Mukecuru, na we..."

"Nyamaza, we!"

Akafuta kidude kwa kanga, akaninyooshea.

"Iko maji."

Niliunyonya palepale, barabarani, nikameza. Yalikuwa maji. Ndipo nikaupitisha mrija begani.