Mtu Pekee Anayeweza Kumfokea Chacha

Admin, naomba ulifiche jina langu na uiache timu yetu bila jina, maana huku Tarime mtu hutambulika hata kwa namna anavyobishana. Mimi ni mwanaume wa miaka ishirini na saba, mhitimu wa chuo kikuu, sijaoa, na ni kocha wa timu ya mpira wa kikapu inayolipa wachezaji wake mishahara na inayoburuza mkia katika ligi. Ukocha sikuuomba. Kocha wetu aliondoka katikati ya msimu, na kwa kuwa nilikuwa msaidizi wake niliyempinga karibu kila siku, viongozi wakasema nichukue mimi, nioneshe hicho nilichokuwa nakisema.

Nimechoka, ndugu zangu. Nimetazama upya video za mechi tulizopoteza hadi macho yakauma, na tunafungwa kwa njia ileile. Mpinzani anapenya upande wa Chacha, Chacha amechelewa kurudi, na hakuna anayemwambia.

Chacha (si jina lake) ndiye mrefu wetu anayelinda kikapu. Goti lake limechakaa, lakini goti si tatizo lote. Katika mchezo huu wanaozuia lazima wasemezane: "Rudi! Kushoto! Funga njia!" Marwa, kijana anayeongoza mchezo wetu, huwafokea wote isipokuwa Chacha. Nilimweka kando nikamuuliza sababu.

"Kocha, yule nitamfokeaje? Ni wa saro ya kaka yangu."

Kwa msio wa huku, saro ni rika la waliotahiriwa msimu mmoja, na wa rika la chini hampazii sauti wa rika la juu. Nilimpa Marwa mhadhara mrefu, wenye hoja na mifano kutoka katika vitabu, nikahitimisha kwamba uwanjani hakuna saro. Akanisikiliza kwa upole ulioniudhi.

"Basi mfokee wewe," akasema. "Wewe na yeye si saro moja?"

Ni kweli. Mimi na Chacha tulitahiriwa asubuhi moja kule Nyarero. Katika timu nzima ni mimi peke yangu ninayeweza kumwambia lolote, hata la kumtukana, naye akacheka. Na mechi baada ya mechi nimesimama pembeni nikiwafokea wengine. Baba yangu alipofariki nilikuwa mbali, sikuwahi mazishi. Chacha ndiye aliyeingia kaburini na jembe mahali pangu. Mpaka leo mama akisonga ugali huuliza kama Chacha atapita.

Sasa yupo Masanja, kijana wa Shinyanga aliyekuja huku kuchimba dhahabu, nasi tukamchukua kwa majaribio. Hana saro hapa. Marwa humfokea anavyotaka, naye hujibu, "Sawa, mkubwa!" huku tayari anakimbia. Akiwa ndani, tunazuia kama timu. Lakini usajili unafungwa Ijumaa na nafasi imebaki moja. Mkataba wa Chacha umefika mwisho na Masanja hana wowote; wengine wote wana mikataba. Kwa hiyo msiniambie nimweke Chacha benchi. Nikimsajili mmoja, mwingine anaondoka. Masanja atarudi mashimoni. Chacha atarudi kwenye shamba na ng'ombe akiwa na goti lile, na nyumbani watasema nimemtupa mwenzangu wa saro nikamkumbatia mtu wa kuja.

Wiki iliyopita, katika mechi ya kirafiki, nilimwanzisha Masanja. Chacha alikaa na taulo mabegani. Shabiki mmoja akapiga kelele, "We Chacha, msomi wako amekutema!"

Chacha akacheka. "Nyamaza wewe. Saro yangu anajua anachofanya."

Tulishinda. Watu walipoanza kutawanyika akanijia akichechemea.

"Mura," akaniita, kama tunavyoitana wanaume wa huku, "leo umecheza vizuri," kana kwamba mimi ndiye niliyetoka jasho. "Ukiniondoa, sawa. Ila uniambie wewe, kwa mdomo wako. Usimtume katibu."

"Bado sijaamua."

"Umeamua. Wewe unabishana na kila mtu, hata refa, hata padri. Mbona na mimi hubishani?"

Nikainama kukusanya mipira, mimi ambaye sijawahi kukosa jibu darasani wala barazani.

Najua wapo mtakaoandika kwamba kazi ni kazi, na wapo mtakaoandika kwamba utu kwanza. Hoja zote mbili nimezijenga mwenyewe, nikazibomoa, nikazijenga tena, na hakuna iliyonisogeza hatua moja kuelekea nyumbani kwake. Asubuhi hii amenitumia ujumbe: "Mazoezi saa ngapi?" Nimeusoma. Sijaujibu. Ninyi nisiowajua nimewaandikia aya zote hizi, na yeye sijamwandikia hata saa.

Sihitaji mniambie nani asajiliwe. Hilo nalijua, na Chacha analijua. Ninachoomba ni kidogo zaidi, na ndicho kinachonishinda. Mliowahi kumwambia mtu wa namna hii kwamba amemaliza, nisaidieni kabla ya Ijumaa: mlianza na neno gani?