Kitaalamu, Ni Papa

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Samaki, kama alivyoitwa kila afisa wa uvuvi, alinipa kisu, futi kamba na daftari. Akasema, "Usiandike ulichosikia. Pasua tumbo, andika ulichokiona."

Nikapasua. Sikwenda chuo, papa niliwajua kwa matumbo yao na kwa vitabu vya kuazima. Kuanzia Kigamboni hadi Mbweni nilipima kila papa aliyeletwa na wavuvi. Tumboni nilikuta samaki taa, ngisi, pweza, na mara moja kandambili. Mtu sikumkuta.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Ikaja mjini sinema ya papa anayewawinda watu na kulipiza kisasi. Vijana wa Kinondoni waliitazama mara mbili mbili. Papa halisi hana kinyongo; hunusa, pengine huonja, mara nyingi hujiendea zake. Lakini ukweli huo haukuwa na muziki.

Jumapili moja, pale Mbweni, potwe alinasa kwenye jarife la Mzee Sefu, yaani wavu mkubwa wa papa, maji yakiwa ya kiunoni. Potwe ana madoa meupe mgongoni na huuzidi mtumbwi kwa urefu. Mzee Sefu alikuwa anaukata wavu wake mwenyewe ili amwachie. Kundi la wageni wa kutoka mjini likafika na mashoka.

"Mzee, toka! Utaliwa kama kwenye sinema!"

"Anile nini, mifupa? Huyu potwe. Hata ugali hawezi kutafuna. Muacheni!"

"Potwe ndo nini? Bwana Samaki, wewe umesoma. Huyu ni papa au si papa?"

Wote wakanigeukia wanisikilize. Nilipenda usahihi.

"Kitaalamu," nikasema, "ni papa. Ila chakula chake..."

Hiyo "ila" hakuna aliyeisikia. Mashoka yalishaingia majini.

Alasiri nilipasua tumbo, kama nilivyofundishwa. Uduvi mtupu, ndoo kwa ndoo. Meno yalikuwa madogo kama punje za mchele. Mzee Sefu alikuwa amekaa kando ya jarife lililochanika.

"Mwanangu," akasema, "mie nilibakiza kukata kamba mbili tu za wavu."

Bwana Samaki, mkubwa wangu, aliisoma ripoti yangu hadi mwisho. "Aina umeiandika sawasawa. Hakuna kosa."

Afadhali angenifokea.

Sasa nimestaafu. Wajukuu wakitazama papa wa sinema huniuliza, "Babu, huyu yupo kweli?" Huanza kuwaeleza anachokula. Jina nalitaja mwisho.